Wiki moja melini na watoto: bei ya bango na bei ya kweli

Kama umewahi kupita kwenye ofisi ya wakala wa safari, bila shaka umeliona lile bango. Meli nyeupe ndefu kama mtaa mzima, bahari ya buluu, baba na mama wamevaa miwani ya jua, watoto wanacheka kwenye bwawa la kuogelea. Chini yake kuna namba moja kwa herufi kubwa: kuanzia euro 899. Na pembeni ya namba hiyo kuna kinyota kidogo ambacho hakuna anayekisoma.

Mwezi huu tunakisoma pamoja. Nimekaa kwenye meli ya kitalii na mume wangu na watoto wetu wawili kwa usiku saba, Juni 2025, katika Bahari ya Mediterania. Kabla ya hapo nilitumia karibu miezi minne nikilinganisha kampuni, maana hela yenyewe haikuwa ya kuchezea. Niliyoyaona nayaweka hapa kwa faida ya kila wanandoa wanaojiuliza swali tulilojiuliza sisi: hivi kitu hiki kina thamani ya hela yake, au ni picha tu?

Kwa nini tulifikiria meli

Niseme ukweli wa nyumbani. Kwa miaka miwili mume wangu alikuwa anafanya kazi Mwanza na mimi nipo Dar es Salaam na watoto. Anakuja mara moja kwa mwezi, Ijumaa usiku, na Jumapili jioni anarudi. Wale mnaoishi hivi mnajua inavyokuwa. Siku mbili zinaisha kwenye fundi bomba, ada ya shule na msiba wa jirani. Watoto wanamzoea baba, tayari anaondoka. Sisi wawili tunazungumza kama mameneja wa kampuni moja: nani kalipa nini, nani atampeleka nani kliniki.

Mkataba wake ulipoisha tulikuwa na akiba. Mume wangu alitaka ijenge uzio wa nyumba yetu ya Kigamboni. Mimi nilitaka wiki moja ambayo hakuna simu ya ofisi, hakuna kupika, na hakuna mtu wa kuaga Jumapili.

"Mama watoto," aliniambia, "uzio unabaki. Safari inaisha."

Sikumbishia, maana hoja yake ilikuwa nzito. Nilichomwomba ni kimoja: tupige hesabu kamili, kisha yeye ndiye aamue. Ndiyo maana makala hii ina namba nyingi kuliko kawaida yetu. Vumilia, zitakusaidia.

Kampuni nne, tabia nne

Kampuni za meli za kitalii ni nyingi, lakini kwa familia inayotafuta safari ya Mediterania, majina manne ndiyo utakayokutana nayo mara kwa mara.

MSC Cruises, yenye makao makuu Geneva, Uswisi, ni ya familia ya Aponte yenye asili ya Italia. Ndiyo ile ile MSC ambayo makontena yake unayaona bandarini kwetu. Sifa yake kubwa kwa wazazi ni kwamba, kwa safari nyingi, mtoto anayelala chumba kimoja na watu wazima wawili halipiwi nauli. Unalipa kodi na ada za bandari tu. Vyumba vya michezo vimegawanywa kwa umri: chini ya miaka 3, kisha 3 hadi 6, 7 hadi 11, 12 hadi 14, na 15 hadi 17. Abiria ni wa mataifa mengi, kwa hiyo tangazo moja husomwa kwa lugha nyingi mpaka unasahau lilikuwa linahusu nini.

Costa ni ya Italia, makao yake Genoa, na imekuwa ikibeba abiria tangu 1948. Leo imo ndani ya kundi la Carnival Corporation la Marekani, lakini ladha yake imebaki ya Kiitaliano: chakula cha jioni kirefu, muziki, kelele za furaha. Kwa bei na njia inafanana sana na MSC.

Royal Caribbean ilianzishwa 1968. Hawa ndio waliofanya meli yenyewe iwe kivutio. Tangu Oasis of the Seas ilipoanza kazi 2009, meli zao za kundi hilo zina bustani ya mimea hai katikati, ukuta wa kupanda, uwanja wa barafu na mawimbi ya kutengenezwa ya kujifunzia kuteleza. Mengi ya hayo yamo ndani ya nauli. Bei yake mara nyingi iko juu ya MSC na Costa.

Disney ilianza safari 1998 na meli moja, na kwa Mediterania ilifika mara ya kwanza 2007. Hii ndiyo ghali. Si ajabu kukuta inadai mara mbili au tatu ya unacholipa MSC kwa usiku ule ule. Unapata nini? Vyumba vilivyofikiriwa kwa ajili ya familia, vingi vikiwa na bafu sehemu moja na choo sehemu nyingine, kila kimoja na sinki lake. Mama mwenye watoto wawili wa kuwahi asubuhi atanielewa. Unakula mgahawa tofauti kila jioni na wahudumu wako wanahama pamoja nawe, kwa hiyo siku ya tatu wanajua mtoto gani hali nyanya. Soda zimo kwenye bei. Kasino hakuna.

Jambo moja kuhusu watoto wadogo liwekeeni alama, hasa nyie wenye vichanga. Klabu za watoto za Royal Caribbean na Disney zinaanzia miaka 3, na mtoto lazima awe ameacha nepi. Aliye chini ya hapo anapelekwa chumba cha watoto wachanga, nacho kinalipiwa kwa saa. Ukiwa na wa mwaka mmoja na nusu, hiyo si hesabu ndogo.

Ndani ya kinyota kuna nini?

Sasa tuje kwenye kinyota. Wakala mmoja wa mjini, ambaye simtaji, alitupa bei nzuri sana kwa mdomo. Nilipomwomba aiandike kwenye karatasi yenye muhuri, ikapanda kwa zaidi ya euro 500. Kumbe ile ya kwanza haikuwa na kodi za bandari wala ada ya huduma. Hakuwa ametudanganya, eti, alikuwa "hajafika huko." Tuliondoka kwa heshima, tukaenda kwingine.

Vitu ambavyo bango halisemi ni hivi.

Kwanza, kodi na ada za bandari. Hizi hulipwa kwa kila kichwa, akiwemo mtoto "wa bure".

Pili, ada ya huduma, ambayo ni bakshishi iliyopangwa. Kwenye meli za Ulaya kama MSC na Costa ni karibu euro 12 kwa mtu mzima kwa usiku, na watoto ni kama nusu. Kwa kampuni za Marekani, hesabu karibu dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku. Royal Caribbean huitoza kwa kila abiria bila kujali umri, hata kichanga.

Tatu, vinywaji. Chai, kahawa ya kawaida na maji ya kwenye mashine za bafe kwa kawaida ni bure. Lakini ukikaa kwenye mgahawa mkubwa wa meli za Mediterania, mara nyingi chupa ya maji mezani inalipiwa. Wabongo wengi wanashtuka hapo. Dawa yake ni kubeba chupa zenu na kuzijaza kwenye bafe.

Nne, intaneti. Inauzwa kwa vifurushi na si rahisi. Sisi tulinunua kifurushi cha simu moja tu, na huo ukawa uamuzi bora wa wiki nzima.

Tano, matembezi ya nchi kavu. Meli inayauza, lakini karibu yote unaweza kuyafanya mwenyewe kwa sehemu ndogo ya bei. Nitarudi hapo.

Tuchukue mfano. Namba nimezizungusha ili usome kwa urahisi, lakini umbo lake ndilo umbo la kweli. Baba, mama, mtoto wa miaka 9 na wa miaka 4, usiku saba:

Nauli ya watu wazima wawili: euro 1,800
Kodi za bandari za watoto: euro 300
Ada ya huduma ya wote wanne: euro 252
Vinywaji, intaneti na matembezi: euro 330

Jumla ya meli: euro 2,682. Gawanya kwa watu wanne na usiku saba, unapata karibu euro 96 kwa kichwa kwa usiku. Ndani yake kuna kitanda, milo yote mikuu, maonyesho ya jioni, bwawa, klabu ya watoto, na gari la kukupeleka kwenye mji mwingine ukiwa umelala. Kwa kipimo hicho, jamani, meli si ghali. Hoteli ya hadhi hiyo ufukweni, pamoja na chakula, haiko mbali sana na hapo.

Tatizo ni kwamba meli haiji Kigamboni kukuchukua.

Hesabu ya aliye mbali na aliye karibu

Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bure kwa aliye chini ya 6. Kwetu sisi ilikuwa 225. Ongeza bima ya safari, ambayo kisheria lazima ifikie angalau euro 30,000 kwa matibabu. Tuseme 100 kwa familia. Tiketi za ndege nne, tuziweke kwa euro 800 kila moja: 3,200. Usiku mmoja wa hoteli kabla ya kupanda meli, maana ndege ikichelewa meli haisubiri: 150.

Jumla ya nje ya meli: euro 3,675. Safari nzima: euro 6,357.

Angalia hapo. Bango lilisema 899 kwa mtu, yaani kama 1,800 kwa wawili. Bei ya kweli ni mara tatu na nusu. Na zaidi ya nusu ya hela haiendi kwa kampuni ya meli kabisa.

Hili ndilo jambo ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani haikuambii, kwa sababu haikuandikwa kwa ajili ya mtu anayetokea Dar, Nairobi au Kampala. Kwa familia ya Waswahili wanaoishi Milan au Marseille, meli ndiyo safari yenyewe. Wanapanda treni na mabegi yao, wanafika gatini. Kwao, kuchagua meli yenye bei maradufu ni kulipa karibu maradufu. Kwetu sivyo. Ukibadilisha ile meli ya 2,682 kwa meli ya bei mara mbili, yaani 5,364, safari nzima inakuwa 9,039. Imepanda kwa asilimia 42 hivi. Ukienda mara tatu, inafika 11,721, ambayo bado haijafika maradufu ya ile ya kwanza.

Mume wangu alipoona hesabu hii alikaa kimya, kisha akasema jambo la busara: "Basi swali si meli gani ni rahisi. Swali ni ile nyongeza inatununulia nini." Ndiyo maana nilimpenda, huyu bwana.

Hesabu hii ina upande wake wa pili. Kwa kuwa ndege ndiyo inayokula hela, kampuni inayokuruhusu kuchagua bandari ya kupandia inakuokolea kuliko inayokupa punguzo la nauli. MSC na Costa zina utaratibu huo: safari ile ile ya mzunguko unaweza kuianzia Barcelona, Marseille, Genoa au bandari nyingine, ukaimalizia hapo hapo. Tafuta kwanza ndege rahisi, kisha ndipo uchague bandari. Kampuni za Marekani kwa kawaida huanzia bandari moja au mbili tu.

Na kalenda pia. Likizo ya Juni ya shule za Tanzania ni zawadi, maana Wazungu wengi bado hawajafunga shule na bei za Julai na Agosti hazijapanda. Wenzetu wa Kenya likizo yao ya Agosti inaangukia kwenye kilele chenyewe. Kwao Aprili inafaa zaidi, ilimradi waikwepe wiki ya Pasaka.

Meli kama basi, meli kama hoteli

Tulipanda MSC World Europa kutoka Barcelona. Ni meli ya 2022 inayoweza kuchukua abiria zaidi ya 6,000, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kulaza mashabiki wa Kombe la Dunia kule Qatar. Ina bomba la kuteleza linaloshuka sitaha kumi na moja. Binti yetu alilishuka mara sita siku ya kwanza. Siku ya pili mara moja. Baada ya hapo hakulitaja tena mpaka siku tuliyoshinda baharini.

Kwa nini? Kwa sababu kila asubuhi tuliamka kwenye mji mpya. Marseille, Genoa, Naples, Messina, Valletta, kisha siku moja ya bahari tupu na kurudi Barcelona. Mediterania ya magharibi ndivyo ilivyo: bandari kila siku. Meli inakuwa basi zuri la usiku. Wakati ule tunalinganisha kampuni, hiki ndicho kitu kilichotufanya tuache ile nyongeza. Ukuta wa kupanda na uwanja wa barafu ni vitu vizuri, lakini ungevitumia saa ngapi kama kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni uko nchi kavu?

Karibi ni tofauti. Kule siku za baharini ni nyingi zaidi, na bandari nyingine ni kisiwa cha kampuni yenyewe chenye ufukwe na miavuli. Meli inakuwa hoteli, na kwa hoteli ni haki kulipia hoteli nzuri. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza usitazame jina la kampuni. Tazama njia. Hesabu siku za bahari. Zikiwa moja au mbili kwa wiki, chukua meli ya bei nafuu bila aibu. Zikiwa tatu au zaidi, na watoto wako ni wa miaka 6 kwenda juu, fikiria kupanda daraja.

Nilisema nitarudi kwenye matembezi. Huku ndiko thamani kubwa ilikokuwa, na karibu yote ilikuwa bure.

Messina meli inafunga karibu na mji. Tulitembea kwa miguu hadi kanisa kuu kabla ya saa sita mchana. Mnara wake una saa ya ajabu iliyowekwa 1933: ikigonga saa sita, simba wa shaba ananguruma na jogoo anawika. Kijana wetu wa miaka 4 alimng'ang'ania baba yake shingoni kwa woga, kisha akataka simba arudie. Gharama: sifuri.

Naples unashuka ukiwa mjini, ngome ya Castel Nuovo iko mbele yako. Tulipanda treni ndogo ya mkoa hadi Pompeii, mji uliofukiwa na mlipuko wa Vesuvius mwaka 79. Watoto chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio, wawe raia wa nchi yoyote. Genoa, jengo la samaki hai, lililofunguliwa 1992, linafikika kwa mguu kutoka gatini. Hilo linalipiwa, na bei yake inauma kidogo, ila watoto wanasahau njaa.

Valletta, Malta, ndiko tulikocheka. Mwanamke wa sokoni alikuwa akihesabu matunda kwa Kimalta: sitta, sebgħa... Binti yetu akageuka ghafla, "Mama, anaongea Kiswahili!" Kimalta kina asili ya Kiarabu, na namba zetu za sita, saba na tisa zimetoka huko huko. Yule mama alifurahi, akampa tunda la tisa bure.

Marseille ndiyo bandari ya kujipanga. Gati la meli kubwa liko mbali na mji, kwa hiyo unahitaji basi. Lakini mjini kuna jamii kubwa sana ya Wakomoro. Ukipita mitaani unasikia maneno unayoyaelewa nusu, na unajisikia uko karibu na nyumbani kuliko ramani inavyosema.

Saa za wawili

Sasa nije kwenye jambo lililotufikisha kule. Chumba chetu kilikuwa kidogo. Kwa watu wanne, vitanda viwili vya watoto vinashushwa kutoka ukutani usiku, na baada ya hapo hakuna pa kupita. Faragha sahau. Kama unategemea chumba kwa ajili ya mapenzi, basi nunua viwili, au nenda bila watoto.

Tulichopata badala yake ni saa. Klabu ya watoto ilikuwa inafunguliwa mchana na jioni, na watoto wenyewe ndio waliokuwa wanatuburuta tuwapeleke. Siku ya kwanza yule mdogo alilia dakika kumi. Siku ya pili alitupungia mkono bila hata kugeuka. Kuanzia jioni hiyo tulikuwa na saa mbili au tatu kila siku, mimi na mume wangu, kwenye viti vya sitaha ya nyuma, tukitazama taa za pwani ya Italia zikipita.

Usiku wa kwanza tulizungumza mambo ya uzio. Kweli kabisa. Usiku wa pili tukaishiwa na mambo ya nyumbani, na kimya kikawa kirefu, kile kimya cha watu ambao hawajakaa pamoja muda mrefu. Usiku wa tatu ndipo aliponiambia jinsi Mwanza ilivyokuwa: kurudi kwenye chumba cha kupanga saa mbili usiku, kupiga simu nyumbani na kusikia watoto wanagombania kuangalia katuni badala ya kuongea naye. Miaka miwili hakuwahi kulisema, kwa sababu wikendi hazikuwa na nafasi ya maneno kama hayo. Na mimi nikamwambia kwamba nilikuwa nimezoea kuamua kila kitu peke yangu, na kwamba kurudi kwake kulinifurahisha na kunisumbua kwa pamoja.

Hatukumaliza kila kitu. Lakini tulianza, na tulianza tukiwa hatuna pa kukimbilia.

Nilipiga hesabu baadaye, maana tabia haiachi: saa mbili na nusu kwa siku sita ni saa 15. Wikendi zetu za miaka miwili, sidhani kama zilitupa saa 15 za aina hiyo. Hapo ndipo ninapopima thamani ya meli ya familia. Pima saa ambazo watoto wana furaha mahali salama na nyie mko pamoja bila kazi. Kampuni yoyote kati ya zile nne inaweza kukupa hizo. Inayokunyima ni ile isiyo na nafasi kwa umri wa mtoto wako.

Neno moja kuhusu ada ya huduma, kwa kuwa wengi wanauliza kama wanaweza kuikataa. Jioni moja mhudumu wa bafe alitusikia tukizungumza, akatusalimia, "Habari zenu wageni wetu!" Kijana wa Likoni, Mombasa. Alituambia yuko mwezi wa sita bila kufika nyumbani na ana mtoto ambaye hajamwona. Mume wangu alimwangalia kwa namna ambayo mimi tu niliielewa. Tuliilipa ile ada yote, na siku ya mwisho tukamwachia kitu mkononi. Iweke ada hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo, kama unavyoweka viza, ili isije ikaonekana kama hela ya kubishania.

Je, tungefanya tena?

Swali la haki. Kwa euro zaidi ya 6,000, tungeweza kukaa Zanzibar wiki mbili, hoteli nzuri yenye klabu ya watoto, kwa bei ya mkazi, bila viza wala ndege ndefu, na chenji ikabaki. Kwa wanandoa wanaohitaji kupumzika tu, nawaambia bila kigugumizi: nendeni Zanzibar, Watamu au Diani. Meli inafaa kama kuona Ulaya na watoto ni ndoto yenu kweli, kwa sababu miji sita kwa hoteli na treni ingewagharimu zaidi na kuwachosha zaidi. Kwa sisi ilikuwa ndoto, na tumeitimiza. Hatuirudii kesho. Uzio umeanza kujengwa Januari, tofali kwa tofali.

Kabla hamjalipa

Omba bei kwa maandishi, ya watu wote, ikiwa na kodi za bandari na ada ya huduma. Igawanye kwa vichwa na usiku, ndipo ulinganishe.

Lipa amana tu mpaka viza itoke, na ujue tarehe ya mwisho ya kughairi. Ada ya viza hairudishwi ukinyimwa.

Viza iombwe nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, nchi mnayoingilia. Njia ikipita Uturuki au Tunisia, mnatoka Schengen na kurudi, kwa hiyo ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Nafasi ya "mtoto bure" hufungamana na chumba cha watu wanne, navyo huisha mapema. Agiza miezi sita au zaidi kabla.

Chakula cha halali kiombwe wakati wa kuagiza, kwa maandishi, na uliza tena ukiingia melini. Usidhani kipo tu.

Mkubaliane nyumbani simu ngapi zitakuwa na intaneti. Ushauri wangu: moja, na iwe ya atakayeisahau chumbani.

Safari njema, na mkirudi mtuandikie.